Safari ya Mdai: Mwalimu na Vilima vya Lisbon

Watoto wa kakangu mkubwa walichanga pesa mwaka huu ili baba yao apate kusafiri. Kakangu alifunza historia katika shule za upili za Pwani kwa miaka 33, akastaafu, akarudi Mombasa kukaa barazani na magazeti yake. Hija alikwisha kuitimiza zamani. Wanawe walidhani atachagua Dubai, ambako kila aendaye hurejea na masanduku mawili zaidi, au London, ambako ana mkwe. Mzee akasema anataka kwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Pakawa kimya. Kisha akaongeza kwamba angependa nifuatane naye, na kwamba maadamu mimi ndiye niliyezoea mambo ya karatasi na ofisi huko Nairobi, basi mimi ndiye nitakayeipanga safari yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa hivyo, msomaji mpendwa, nimepitisha miezi miwili nikiusoma mji ambao sijaukanyaga. Ramani yake imetandazwa juu ya meza yangu ya kulia, na watu wa nyumbani mwangu wamezoea kulia chakula kwingine. Nilipomaliza kuandika ratiba ya kwanza niliipeleka Mombasa kwa majivuno. Ilikuwa na majumba yaliyovikwa vigae vya rangi, mahali pa kutazamia machweo ya jua, na mikahawa ya vikeki vya mayai. Mzee aliisoma hadi mwisho, akavua miwani, akaniambia: “Ndugu yangu, umenipangia safari ya mtalii. Mimi nataka safari ya mdai.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonilazimisha kuanza upya, na ndiyo yaliyozaa makala haya. Huenda yuko msomaji mwingine anayewazia safari kama hii, akafaidika na taabu yangu.

Naanza na viza, kwa sababu bila hiyo mengine yote ni ndoto za mchana. Ureno ni mojawapo ya nchi za mkataba wa Schengen. Viza ya muda mfupi humruhusu mgeni kukaa humo siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, na pesa hizo hazirudishwi hata ombi likikataliwa. Lazima uwe na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 kwa ajili ya matibabu. Ombi laweza kupelekwa miezi 6 kabla ya safari, na halipaswi kucheleweshwa hadi zikabaki siku chini ya 15. Usingoje dakika za mwisho, kwani foleni za miadi hazimjali mtu wala umri wake.

Hayo ni masharti yaliyoandikwa. Lakini lipo sharti moja lililofumwa ndani ya mengine yote, nalo ni kumthibitishia afisa usiyemjua kwamba utarudi kwenu. Jirani yangu mmoja alinyimwa viza na ubalozi fulani wa Ulaya kwa sababu, kama barua ilivyosema, haikuaminika kwamba angerejea. Ana duka, ana mke, ana watoto wanne shuleni. Sasa nami nakusanya taarifa za benki, hati ya nyumba na barua ya malipo ya uzeeni ili kuthibitisha kwamba mzee wa miaka 71, mwenye wajukuu tisa na kiti chake barazani, hana nia ya kutoroka aende kuosha vyombo katika hoteli za Wazungu. Nilipomweleza kakangu habari hizi alicheka hadi akakohoa. “Aprili 7, 1498,” akasema, “Vasco da Gama alitia nanga nje ya mji huu na merikebu tatu. Hakuna aliyemwuliza hati ya nyumba.”

Viza ikipatikana, njia ni nyingi. Aghalabu msafiri kutoka Nairobi hubadilisha ndege Dubai, Istanbul, Paris au Amsterdam. Kiwanja cha ndege cha Lisbon kimo ndani ya mji wenyewe, na tangu mwaka 2012 treni za chini ya ardhi hufika hapo. Pesa ni yuro. Baraza la mji hutoza kila mgeni yuro 4 kwa usiku mmoja, hadi siku saba, na malipo hayo hudaiwa hotelini. Heri kuyajua mapema kuliko kubishana na karani asiyekuwa na hatia.

Kuhusu majira nilitaka kuchagua Juni, mwezi ambao mji husherehekea sikukuu ya Mtakatifu Antonio na sadini huchomwa barabarani. Kakangu aliuliza jua hutua saa ngapi mwezi huo. Nilipomjibu kwamba hutua baada ya saa tatu usiku, alitikisa kichwa: Magharibi saa tatu, Isha karibu na saa tano, na Alfajiri ingali inamngoja mtu aliyechoka! Januari nayo ina mvua, na baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi nane usiku. Mtu wa Nairobi ataivumilia kama anavyouvumilia mwezi wa Julai, lakini mtu wa Mombasa ataugua. Tumekubaliana juu ya mwishoni mwa Septemba, wakati joto la kiangazi limepungua na mvua hazijaanza sawasawa.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi. Lisbon ni mji wa vilima. Wenyeji huvihesabu kuwa saba, ingawa mtu akiitazama ramani ya miinuko atashuku kwamba waliohesabu walichoka njiani. Mji umekaa mahali ambapo mto Tejo hupanuka kama bahari kabla ya kumwaga maji yake katika Atlantiki. Kutoka ukingo wa mto ardhi hupanda ghafla pande zote. Na kakangu ana magoti mabovu. Miaka 33 ya kusimama mbele ya ubao si mchezo. Magoti yake nayo yameanza kudai pensheni.

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikuliona katika kitabu chochote cha wasafiri. Mimi nilidhani shida ya kilima ni kukipanda. Nikapanga tupande kwa gari kisha tuteremke taratibu kwa miguu, tukitazama mandhari. Kakangu akanisahihisha kama anavyomsahihisha mwanafunzi: “Kupanda ni kazi ya pumzi, na pumzi ninayo. Kushuka ndiko kazi ya magoti.” Yeyote aliyewahi kuuguza mzazi mwenye maradhi hayo atamwunga mkono. Basi ikanibidi kutafuta, kwa kila kilima, njia ya kupandia na njia ya kushukia.

Nashukuru kwamba mji huo umeishi na vilima vyake muda mrefu, na umevibunia dawa. Katikati pana bonde tambarare liitwalo Baixa, na hapo ndipo nilipotafuta chumba. Upande wa magharibi kuna kilima cha Chiado. Stesheni ya treni za chini ya ardhi iitwayo Baixa-Chiado ina milango bondeni na milango kilimani, na ngazi za umeme huunganisha sehemu hizo mbili, hivyo mtu huingia chini na kutokea juu bila kukunja goti. Upande wa mashariki, kuelekea ngome ya São Jorge, zipo lifti mbili za umma zisizotozwa senti: ya kwanza huanzia ndani ya jumba katika barabara ya Fanqueiros na kukutoa katika barabara ya juu yake, kisha unatembea hatua chache hadi ya pili. Watalii wengi huzipita bila kuziona, wakaenda kupanga foleni kwenye lifti mashuhuri ya chuma ya Santa Justa, iliyofunguliwa mwaka 1902 na yenye urefu wa mita 45. Ni nzuri kuitazama kwa nje.

Zipo pia tramu, yaani mabehewa madogo ya umeme yapitayo juu ya reli katikati ya barabara. Zimo mjini tangu mwaka 1901, na kabla ya hapo zilivutwa na farasi. Tramu nambari 28 hupanda na kushuka vilima kuanzia Martim Moniz hadi Campo de Ourique, ikipenya vichochoro vyembamba hata abiria angeweza kugusa ukuta. Ni njia njema ya kushukia kwa mwenye magoti mabovu, endapo atapata kiti. Na ili apate kiti yafaa aipande asubuhi na mapema pale inapoanzia. Mifuko ishikwe. Wachomozi wa humo ni stadi, ingawa mtu aliyekulia katika matatu za Nairobi hahitaji kufunzwa somo hilo na mgeni.

Kuna chombo kingine ambacho nimekifuta katika ratiba yetu. Mji huo una magari yanayovutwa kwa kamba kupanda miteremko mikali zaidi, na lile la mteremko wa Glória lilianza kazi mwaka 1885. Septemba 3, 2025, kamba iliyoyaunganisha magari yake mawili ilikatika, gari moja likaporomoka, na watu 16 wakafa, wenyeji na wageni. Silitaji ili kumtisha mtu. Lakini msafiri ana haki ya kujua, na anapopanga safari aulize ni vyombo gani vinavyofanya kazi na vimekaguliwa vipi, badala ya kutegemea picha za zamani.

Tena kuna njia za waendao kwa miguu. Huko hazikumiminwa saruji; zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyopangwa kwa mikono hadi vikatoa mapambo ya mawimbi na maua. Ni kazi ya kusifika. Lakini vijiwe hivyo vimesuguliwa na nyayo hadi vikawa kama sabuni, na mvua ikinyesha hata kijana huteleza. Nilimwambia kakangu ayaache nyumbani makubadhi yake, atafute viatu vya soli ya mpira yenye mikwaruzo. Alinung’unika, akaenda Kongowea, akarudi na jozi ya mtumba ambayo anasema ilivaliwa na mpanda milima.

Nimechelewa makusudi kulitaja deni lenyewe.

Kilomita zipatazo sita magharibi mwa kitovu cha mji, kando ya mto, kuna mtaa wa Belém. Ni mahali tambarare, na tramu nambari 15 hufika hapo, ikiwa pana na ya kisasa. Kutoka ufuo huo, Julai 8, 1497, Vasco da Gama aling’oa nanga. Baada ya kurejea kwake Mfalme Manuel wa Kwanza alianza kujenga hapo, mapema katika miaka ya 1500, makao ya watawa yaitwayo Jerónimos, na sehemu ya gharama zake ikatokana na kodi ya pilipili na viungo vya Bahari ya Hindi. Wataalamu husifu nguzo zake zilizochongwa kama kamba za merikebu na matumbawe. UNESCO iliyaorodhesha katika turathi za dunia mwaka 1983, miaka 28 kabla ya Fort Jesus yetu kupata heshima hiyo hiyo. Ndani ya kanisa lake, karibu na mlango, kuna kaburi la da Gama, aliyefia Kochi huko India mwaka 1524 na ambaye mifupa yake ililetwa hapo mwaka 1880. Mkabala wake kuna kaburi la Luís de Camões, mshairi ambaye katika utenzi wake wa mwaka 1572 aliifanya Malindi kuwa mji wa wakarimu na Mombasa kuwa mji wa wasaliti.

Mtoto wa Mombasa atasimamaje mbele ya makaburi hayo mawili? Hilo ndilo swali la kakangu, na vitabu vya wasafiri havina jibu lake. Shajara ya safari ile, ambayo mswada wake umehifadhiwa katika maktaba ya mji wa Porto na si Lisbon kama mzee alivyotumaini, yaeleza bila haya kwamba mabaharia wale walipokuwa nje ya Mombasa waliwamwagia mateka wawili mafuta yanayochemka ili waseme kama palikuwa na hila. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, Francisco de Almeida alikuja na jeshi akaipora Kilwa, kisha akaichoma na kuipora Mombasa. Mwaka 1593 Fort Jesus ilianza kujengwa. Walipotoka humo Desemba 1698, baada ya kuzingirwa na majeshi ya Oman kwa karibu miaka mitatu, Wareno walikuwa wameukalia mji huu zaidi ya karne moja.

Hayo kakangu huyajua kama ayajuavyo majina ya wajukuu zake. Lakini nilipomwuliza anamdai nani hasa, na amdai nini, alikaa kimya muda mrefu. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Alipoanza kufunza, alitumia vitabu vilivyosema kwamba Vasco da Gama “aligundua” njia ya kwenda India. Wanafunzi waliandika hivyo, naye akatia alama ya vema kwa wino mwekundu, daftari baada ya daftari, ilhali alijua kwamba kutoka Malindi merikebu zile ziliongozwa na rubani aliyepatikana papo hapo, kwenye njia ambayo majahazi yalikuwa yakiipita kwa karne na karne. “Mtihani ulitaka jibu hilo,” akasema. “Ningewafelisha watoto wa watu?” Baadaye mitaala ilibadilika na maneno yakarekebishwa. Zile daftari hazikurudi.

Nikafahamu kwamba mdai huyu anajihesabu pia kuwa mdaiwa, na kwamba anakwenda kwenye kaburi lile kwa sababu mbili. Tangu siku hiyo sijamtania tena.

Kwa hivyo Belém imetengewa siku nzima. Tutaanza kanisani. Kisha tutaingia katika makavazi ya jeshi la majini, yaliyo katika jengo lilo hilo, kwa sababu humo imo sanamu ya mti ya malaika Rafaeli iliyokuwa ndani ya merikebu ya São Rafael. Merikebu hiyo ilichomwa moto na Wareno wenyewe karibu na Tanga, Januari 1499, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliosalia hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Sanamu ikaokolewa. Kitu kilichotoka katika maji yetu, kikanusurika na moto, kimesimama huko kwa utulivu, na kakangu anataka kukitazama kwa karibu. Mwisho tutavuka hadi mnara wa wavumbuzi uliojengwa upya kwa mawe mwaka 1960, mwanamfalme Henry akiwa mbele na wenzake nyuma yake. Chini yake kuna dira kubwa ya mawe yenye upana wa mita 50, zawadi ya Afrika Kusini ya mwaka uo huo, na katikati yake ramani ya dunia yenye kuonyesha safari za Wareno. Mzee amenipa kazi ya kuitafuta pwani yetu katika ramani hiyo na kuona ni miji gani wameitaja.

Hata hivyo nimemkatalia jambo moja. Hatutaitumia safari nzima kusoma hesabu ya madeni. Mji huo una majeraha yake, na mgeni asiyeyajua atauona kama ubao wa matangazo tu. Novemba 1, 1755, siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha. Bahari ikarudi nyuma kisha ikaja juu ya mji. Na moto ukawaka kwa siku kadhaa. Baixa tutakayolala humo, yenye barabara zilizonyooka kama zilizopigwa rula, ndiyo iliyojengwa upya na Markizi wa Pombal baada ya maafa hayo. Jengo la Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi, liliteketea na kumbukumbu zake. Kwa maneno mengine, ushahidi mwingi wa yale tuliyotendewa uliangamia siku ile pamoja na maelfu ya watu wasiotutenda lolote.

Tena Lisbon yenyewe iliwahi kutekwa. Hadi mwaka 1147 ilikuwa mji wa Waislamu, na Mfalme Afonso Henriques aliuchukua kwa kuuzingira. Ukienda mtaa wa Alfama, kwenye mteremko wa ngome, utaona vichochoro vinavyojikunja, nguo zilizoanikwa madirishani, na wazee waliokaa mlangoni wakiwatazama wapitao. Nimeziangalia picha zake nikaona Mji wa Kale wa Mombasa, ukiuondolea milango ya nakshi na kuuongezea mwinuko. Jina Alfama lenyewe ni la Kiarabu, lenye maana ya chemchemi ya maji ya moto. Mreno akitamani jambo husema “oxalá”, na msikilizaji wa kwetu hahitaji mkalimani kulisikia jina la Mwenyezi Mungu likijificha humo. Sisi nasi tuliyachukua maneno yao: hii meza nilipoitandaza ramani ni yao, na leso ya mke wangu, na bendera ya taifa, na foronya, na kopo, na kasha. Gereza ni neno lao la kanisa. Walikuja na kanisa ndani ya ngome, ngome ikaja kuwa jela, na jina likafuata matumizi.

Katika Alfama hiyo hiyo, karibu na kanisa kuu, kuna jengo liitwalo Aljube. Tangu mwaka 1928 hadi 1965 lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Kireno, waliopinga udikteta wa nchi yao wenyewe. Limekuwa makavazi tangu mwaka 2015. Nimeliweka katika ratiba, na siku hiyo hiyo tutatokea juu kwa zile ngazi za umeme hadi uwanja mdogo wa Carmo, ambako Aprili 25, 1974, Waziri Mkuu Marcello Caetano alijisalimisha mbele ya wanajeshi walioasi na umati ulioshika maua. Kisa hicho kinatuhusu sana. Wanajeshi wale walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, na mwaka uliofuata FRELIMO, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilipandisha bendera ya Msumbiji huru. Mwafrika asimamaye katika uwanja ule asijione mgeni. Vita vilivyopiganwa Afrika viliwafungulia milango Wareno wenyewe.

Baada ya hapo tutahitaji kupumzika, na mapumziko nimeyapanga pia. Ijumaa tutaswali katika Msikiti Mkuu, uliofunguliwa mwaka 1985; waumini wake wengi ni watu wenye asili ya Msumbiji waliohamia huko baada ya uhuru, na kakangu anatumaini kukutana na mtu mwenye maneno mawili matatu ya Kimwani au hata Kiswahili. Jioni moja tutapanda feri kutoka Cais do Sodré hadi Cacilhas, ng’ambo ya mto. Mtu wa Likoni atajua la kufanya: atasimama pembeni na kuutazama mji ukirudi nyuma pamoja na vilima vyake vyote, bila goti moja kulalamika. Chakula hakinisumbui. Taifa hilo lina mapenzi makubwa na samaki mkavu wa chumvi, na watu waliokulia ng’onda hawatatishwa na jambo hilo.

Maombi yetu ya viza yatapelekwa juma lijalo. Wakati huo huo kakangu amejiwekea mazoezi. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, huvaa vile viatu vya mpanda milima, akaenda Fort Jesus, akapanda hadi juu ya kuta na kushuka mara tatu, mkongojo mkononi. Walinzi wamemzoea. Juzi alinipigia simu akihema. Nilidhani ameanguka. Kumbe alikuwa amesoma mahali kwamba Jerónimos hufungwa Jumatatu, na alitaka kuhakikisha kwamba sijaiweka Belém siku hiyo.

Nilikuwa nimeiweka. Nimekwisha kuibadilisha.